RAM ni GB 8, Windows yatumia GB 3.37 tu. Naomba ushauri kabla sijairudisha mashine Mombasa

Binti Langoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu mjini, mtaa wa Langoni, nina duka la kuchapa na kutoa kopi: mitihani ya madrasa, kadi za harusi, na mabango ukifika msimu wa Maulidi. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba Mombasa, ina vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), kila kimoja GB 4. Kwa kuchapa barua haina neno. Nikifungua bango kubwa lenye picha, mashine inagota, kipanya kinaganda, na mteja amesimama hapo anangoja.

Nimefungua taarifa za mashine nikakuta: “Installed memory (RAM): 8.00 GB (3.37 GB usable)”. Ni Windows 10, mazabodi (ile bodi kuu) yenye chipu za G41, prosesa Core 2 Quad. Jirani yangu ashikilia kwamba nimeuziwa RAM bandia. Kuirudisha ni kuivusha kwa boti hadi Mokowe, kisha nitafute basi, na muda wote huo kazi imesimama. Wenye ujuzi na mashine za zamani, nisaidieni.

Mzee wa Waya
Wa alaykum salaam binti yangu. Hapo una Windows ya biti 32. Hiyo mwisho wake ni anwani (namba za nafasi za kumbukumbu) 4,294,967,296, yaani GB 4, na ndani ya hizo vifaa vingine navyo vinachukua fungu lao. Weka ya biti 64.

Binti Langoni
Shukran mzee wangu. Nimetazama sasa hivi, imeandikwa “64-bit Operating System, x64-based processor”. Basi si hilo.

Kijana wa Barani
Dada, niko Malindi, na hili nimelikuta kwa wateja zaidi ya mmoja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, ingia “Boot” kisha “Advanced options”. Kisanduku cha “Maximum memory” kisiwe na tiki. Watu hukitia tiki wakidhani wanaiongezea mashine nguvu, kumbe ndiyo wameiwekea Windows mpaka. Kama kina tiki, itoe kisha uwashe upya.

Binti Langoni
Hakina tiki kaka. Nimewasha upya hivyo hivyo, bado 3.37.

Bahari Kuu
Mimi naishuku hewa yetu ya chumvi. Mashine za Shela na Mkomani nikizifungua, kila mara nakuta miguu ya RAM imepoteza mng’aro na pembeni imeota kijani. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla hujashika chochote. Toa kipande, sugua ile miguu ya dhahabu polepole kwa raba nyeupe ya shule, pangusa makombo yote, na usiiguse tena kwa vidole. Ukirudisha, kandamiza mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Halafu jaribu kipande kimoja kimoja.

Fundi wa Gatini
Ushauri wa Bahari Kuu ni mzuri na kwetu Pwani una nafasi yake, lakini dada, usifungue kasha bado. Nijibu mambo mawili kwanza. Washa mashine huku ukigongagonga Delete au F2 uingie BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows: yenyewe inahesabu RAM ngapi? Kisha ndani ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda “Performance”, halafu “Memory”. Chini kuna mstari wa “Hardware reserved”. Umeandika ngapi?

Binti Langoni
BIOS imeandika 8192 MB. Ule mstari mwingine ni 4.6 GB. Na jambo jingine, sijui kama linahusiana: kila umeme ukikatika, saa ya mashine inarudi mwaka 2009. Kurasa za intaneti zinakataa kufunguka mpaka nirekebishe tarehe kwa mkono.

Fundi wa Gatini
Linahusiana sana, na umefanya vyema kulitaja.

Kwanza, muuzaji wako hana kosa katika hili. RAM ingekuwa bandia, au kipande kimoja kingekuwa hakishiki, BIOS ingesoma 4096 au mashine isingewaka. Imesoma 8192, kwa hiyo vipande vyote viwili vinaonekana. G41 yenyewe mwisho wake ni GB 8, basi umeijaza barabara.

Sasa sikiliza zile 4.6 zimekwenda wapi. Chini ya mpaka wa GB 4, mashine hutenga anwani kwa ajili ya vifaa: kadi ya picha, mtandao, USB na vinginevyo. RAM iliyoangukia kwenye anwani hizo haifikiki mpaka BIOS iihamishie juu ya huo mpaka. Kwenye BIOS kazi hiyo huitwa “Memory Remap Feature”. Ikizimwa, bodi nyingi za enzi hizo huiachia Windows kile kilicho chini ya mpaka tu, GB 3 na kitu, hata Windows iwe ya biti 64. Namba yako ya 3.37 inaangukia papo hapo.

Nani aliizima? Naamini ni betri. Kwenye mazabodi kuna betri bapa ya CR2032, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS umeme usipokuwepo. Ikifa, kila umeme ukikatika BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kuna bodi ambazo kiwandani hilo jambo limezimwa.

Kwa hiyo fuata mpango huu: badilisha betri kwanza, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, upande wa alama ya kujumlisha uwe juu. Ukibadilisha mpangilio kabla ya betri, umeme ukikatika tu umerudi ulipokuwa. Kisha ingia BIOS, weka saa, tafuta “Chipset” au “North Bridge”, hapo weka “Memory Remap Feature” iwe “Enabled”. Hifadhi kwa F10. Usiguse jambo jingine humo.

Binti Langoni
Alhamdulillahi! Betri nimeipata hapa hapa mjini kwa muuza saa. Ule mpangilio nimeukuta “Disabled” kama ulivyosema. Sasa Windows yaandika 8.00 GB (7.87 GB usable). Nimefungua bango la harusi lililonisumbua tangu juzi, limefunguka lote na naweza kulisogeza. Nimezima swichi ya ukutani, nimewasha, na saa haikurudi nyuma. Mungu akulipe heri fundi, na nyote mliojibu.

Msafiri wa Shela
Fundi, nami nina laptopu ya GB 4, inaandika 3.89 ndizo zinazotumika. Nibadilishe betri pia?

Fundi wa Gatini
Hapana ndugu. Hizo MB mia na kitu zinashikwa na chipu ya picha na vifaa vya ndani, ndivyo inavyotakiwa. Usifungue kitu.