Mrejesho: Ushirika wetu na makanisa madogo ya ng'ambo

Wapendwa, niliuliza kama kanisa letu liendelee kuwalipa mishahara wachungaji wa sharika ndogo tunazoshirikiana nazo ng'ambo. Asanteni sana. Aliyemtaja Henry Venn, kiongozi wa umisionari wa Kianglikana wa Uingereza wa karne ya 19, aliyefundisha kwamba kanisa lijitawale, lijitegemee na lijieneze lenyewe, alitusaidia mno. Tukaamua kuwauliza wenzetu wa ng'ambo wenyewe. Mzee wao mmoja akajibu: "Mchungaji tutamlisha sisi, ninyi tusaidieni kumsomesha." Basi mshahara tunaupunguza kidogo kidogo, ada tunailipa moja kwa moja kwenye chuo cha Biblia, na kila robo mwaka wahazini wa pande zote wanapitia hesabu pamoja kwa simu. Nao wameomba majina ya wagonjwa wetu wawaombee. Hilo limenigusa kweli. Orodha tumeshaituma.