Harusi ya Zainabu 💍 (kamati)

Mwanaidi 09:02
Asalaam aleikum. Mtu wa kadi anataka maneno kabla ya saa sita. Wakwe wa Leeds wanataka za Kiingereza. Wenye mwaliko, Baba Salimu na Mjomba Bakari, wote nimewaandika "uncle". Someni, kosa lisemwe SASA.

Mwanaidi 09:41
Mmesoma watu 17, kimya. Kama michango tu 😒

Hamisi 09:44
Uncle yupi wa kuukeni na yupi wa kuumeni?

Mwanaidi 09:45
Kiingereza hakitengi. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, hata mume wa shangazi, wote uncle.

Hamisi 09:46
Na konda. "Anko sogea nyuma" 😂
Halafu mimi mtoto wa shangazi, mjomba wangu ndiye huyo Baba Salimu wenu

Tatu 09:46
😂😂 anko mpakate mtoto

Mwanaidi 09:47
Jamani saa sita!!

Jamila 10:15
Neno lenyewe limetokana na Kilatini avunculus, na hilo lilikuwa mjomba tu, kaka wa mama. Kaka wa baba alikuwa patruus. La pili likafa, la kwanza likabeba wote.

Mjomba Bakari 10:31
Kumbe neno lilikuwa langu, mkaligawa. Kama kadi ya Rukia.

Mwanaidi 10:32
Mjomba, ya Rukia si yalikwisha?

Mjomba Bakari 10:33
Mliyamaliza nyie. Mimi nilikuwa nimekaa na wapishi.

Tatu 10:50
Vitambaa hivi mnaonaje? Kijani au zambarau?

Baba Salimu 11:20
Nimesoma yote. Baba yake hayupo, babu hayupo, kaka hana. Walii wa Zainabu ni mimi. Mjomba hata apendwe vipi, haozeshi. Mkituandika neno moja, mgeni atajuaje? Andikeni walii. Na jina la Bakari lisitoke.

Mwanaidi 11:21
Naam Baba.

Hamisi 11:24
i ziwe mbili, ikipungua moja wageni watadhani ni menyu

Hamisi 11:25
_Ujumbe huu umefutwa_

Mwanaidi 11:38
Jamila, walii niweke "guardian"?

Jamila 11:52
Huku watadhani Zainabu ni mtoto mdogo. Acha walii hivyohivyo.

Mwanaidi 11:53
Haya. Mjomba, wewe nikuweke kwa neno gani?

Mwanaidi 12:10
Mjomba?

Mjomba Bakari 13:47
Bakari. Basi.

Mwanaidi 13:49
Mtu wa kadi nimemwomba atungoje hadi kesho. Mjomba, nakuja kwako baada ya magharibi.

Tatu 14:30
Kwa hiyo zambarau?