Lodge ya Lubumbashi imetula dola 60 na chumba hatujakiona

Wakuu, naandika nikiwa mtaa wa Kamalondo, siku ya tatu Lubumbashi, Kongo, na hasira bado zimenikaba kooni. Mtakaosema nilijitakia semeni, ila someni kwanza.

Mimi na shosti wangu tumedunduliza miezi 8 kwa ajili ya safari hii. Bajeti ya kuunga unga: basi Dar hadi Tunduma, tukavuka Nakonde kwa miguu, Kapiri Mposhi, Kitwe, Chililabombwe. Tumelala ndani ya mabasi ili tusilipe gesti, tumekula karanga na mayai ya kuchemsha. Kitu kimoja tu hatukutaka kubahatisha, nacho ni chumba cha kufikia. Mwenye lodge tulimpata kupitia dereva wa lori anayepeleka mizigo huku kila mara. Dola 15 kwa usiku, siku 4, zote zilipwe kabla. Dereva akamkabidhi mkononi, akatuletea risiti ya Kifaransa yenye mhuri wa bluu. Nimeshaikariri: chambre double, 4 nuits, payé, yaani chumba cha wawili, usiku 4, imelipwa.

Mwenyewe akatutumia ujumbe wa sauti wa kutuelekeza: "Muulize tu Kenya, batu bote banatujua." Shosti akaruka juu: huyu tapeli, yuko Kenya anakodisha vyumba Kongo! Dereva alicheka mpaka akakohoa, ndipo akatuambia Kenya ni wilaya humu humu Lubumbashi, yenye soko kubwa. Leo nasema shosti alikosea nchi tu. Kwenye utapeli alipatia.

Kasumbalesa, pale mpakani mwa Zambia na Kongo, sitaki kuizungumzia sana. Foleni ya malori haina mwisho, kadi za homa ya manjano tulikuwa nazo, na bado jamaa mmoja asiye na sare wala kitambulisho alitaka "ya maji". Kutoka pale mpaka mjini ni kama kilomita 90 tu. Shosti akajitia kuongea Kifaransa cha kwenye simu na dereva wa teksi, bonsoir monsieur nyingi, tukatozwa dola 20 kila mmoja. Mama tuliyebanana naye kiti cha nyuma alilipa 10. Nikamuuliza kwa nini hakutushtua. "Kiswahili yenu ni ya ku Biblia, mama. Alisha kuwajua."

Tukafika saa moja na nusu usiku. Umeme hakuna. Kijana wa mapokezi anamulika daftari kwa tochi ya simu, anafungua ukurasa, anarudi nyuma, anapiga miayo. Namwonyesha risiti, haigusi hata kuigusa. "Chambre iko na batu. Mukuye kesho." Yaani chumba kina watu, mje kesho. Kesho! Tuna mabegi mgongoni, mji hatuujui, simu imebaki asilimia 6. Tukampigia mwenye lodge, akasema tumechelewa kwa hiyo chumba kimepewa wengine, ila kwa dola 20 tunaweza kutandikiwa godoro kwenye korido.

Nisikilizeni hapa. Kwa uchovu nikakubali. Nikatoa noti ya 20. Kijana akaishika kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye tochi, akapapasa kingo zote nne kama daktari anayetafuta jipu. Akakuta kachaniko, hakafiki urefu wa punje ya mchele. "Hii feza haitembei." Kumbe zile 60 zetu zilitembea vizuri, tena bila kupapaswa, maana sisi tulikuwa mbali!

Aliyetuokoa ni mama muuza chakula ng'ambo ya barabara. Akatukalisha, tukala bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mwanawe akatupakia kwenye pikipiki mmoja mmoja hadi hapa Kamalondo. Dola 12 kwa usiku, maji ya ndoo, chumba kina kitasa kinachofunga. Ndiyo bajeti ya kurudi nyumbani tunayoitafuna hivyo.

Tangu siku ile tumeenda Kenya mara 3. Mara zote bosi yuko Likasi, mji mwingine. Jana gari lake lilikuwa limeegeshwa pale pale, bado lina matope mabichi, na tunaambiwa yuko Likasi. Likasi kaenda kwa miguu?

Wenyeji wa Lubumbashi mliomo humu, sihitaji pole. Nataka kujua ngazi ya chini kabisa ya kupeleka shauri kama hili, ofisi ya kata au wapi, na kama risiti yenye mhuri ina uzito. Pia niambieni noti iliyochanika inabadilishwa wapi bila kukatwa nusu, maana tunazo 3.

Saa 12 jioni tunarudi tena. Shosti ameshakunja khanga mbili, anasema tutatandika mlangoni pa mapokezi, wateja waturuke.