Naomba ushauri: namna ya kupima roshani za mbao zilizopinda

Wakuu, habari zenu. Nasoma usanifu majengo hapa London, tumepewa kazi ya kuchora jengo la kale kwa mkono. Nimechagua George Inn, baa ya Southwark iliyojengwa upya 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia. Enzi hizo wasafiri wa magari ya farasi walilala pale, vyumba vikizunguka ua. Kampuni ya reli ikaja kubomoa, ukabaki upande mmoja tu.

Kinachonitesa ni zile roshani za mbao zinazotazama ua. Jumamosi nilikaa masaa matatu na penseli: kingo zimepinda, sakafu imelala, hakuna mstari ulionyooka. Nikizinyoosha nadanganya. Nikizichora zilivyo, mwalimu atadhani mkono wangu ndio uliotetemeka (na kweli huwa unatetemeka).

Mliowahi kupima majengo ya mbao yaliyolala, mlianzia wapi? Timazi na uzi, au mlipiga picha kwanza? Na pande zilizobomolewa, nizionyeshe kwa nukta nukta au niache karatasi tupu? Nakabidhi wiki ijayo.