RPG za mtandaoni: zamani malipo ya mwezi, leo "bure". Mtego uko wapi?

Panga_Butu:
Habari za jioni wakuu. Nataka kuingia kwenye RPG za mtandaoni, yaani gemu za kuigiza mhusika na kumkuza, zile za wachezaji maelfu. Bajeti ni dola 15 kwa mwezi, tena si kila mwezi, na muda ni saa sita hivi kwa wiki. Nimezitolea macho nne: Final Fantasy XIV, The Elder Scrolls Online, Star Wars: The Old Republic na Old School RuneScape. Moja inadai ada ya mwezi, nyingine bure, nyingine ununue kwanza, na ndani kuna duka. Kwa nini zimebadilika hivi, na nianze na ipi nisipigwe? Nawasilisha.

Mlinzi_wa_Geti:
Mkuu, kabla ya kuangalia bei angalia gemu ilizaliwaje. Ultima Online ilitoza dola 9.95 kwa mwezi mwaka 1997, World of Warcraft ikaja na 14.99 mwaka 2004, na wengi waliofuata wakakopi bei hiyo. Shida ni kwamba mtu halipii ada mbili za namna hiyo. Dungeons & Dragons Online ikafungua mlango wa bure 2009, Lord of the Rings Online 2010. Star Wars ilitoka Desemba 2011 na ada, na haikufikisha hata mwaka: Novemba 2012 ikawa bure.

Sasa gemu iliyojengwa kwa ada ikigeuzwa bure, vizuizi huchomekwa baadaye, na kuondolewa kizuizi ndiyo bidhaa yenyewe. Kwa Star Wars fanya hivi: cheza bure mpaka leveli 60. Ukifika, lipia mwezi mmoja, kisha futa malipo ya kujirudia siku hiyohiyo. Nyongeza zote (sehemu mpya kubwa za gemu) zilizotoka kufikia siku hiyo zinabaki zako hata ada ikiisha. Kitakachokubana baadaye ni kikomo cha krediti (pesa ya ndani ya gemu) milioni moja. Ziada haipotei, inawekwa pembeni tu huwezi kuigusa.

Begi_Limejaa:
ESO, yaani The Elder Scrolls Online, ilitoka Aprili 2014 na ada, Machi 2015 ikaiondoa: unanunua mara moja, basi. Ila hapo unauziwa nafasi ya begi. Unaanza na nafasi 60, na kila aina ya ua, madini, mbao, kitambaa na kiungo cha chakula inakula nafasi yake. Chuma shamba zima kwa saa moja uone, utaanza kutupa vitu njiani.

Anayelipa ESO Plus, ada ya mwezi ya hiari, anapata begi la malighafi lisilo na mwisho. Ada ikikatika, vilivyomo vinabaki na unaweza kuvitoa, ila huongezi hata kimoja. Kwa hiyo lipia mwezi mmoja tu, uvune kama una shamba la bibi, halafu ule akiba. Sarafu 1,650 za duka za mwezi huo hazichukuliwi. Maeneo ya DLC (ya ziada, yanayouzwa kando) yaliyofunguliwa na ada ndiyo yanafungwa. Na usisahau farasi: kila siku mpeleke kwa mtunza banda, lipa dhahabu 250 ya ndani, uchague mafunzo ya kubeba mzigo. Nafasi moja ya begi kila safari, hadi 60, bila senti ya mfukoni.

Kaka_Chokobo:
Napingana kidogo na Geti. FFXIV (Final Fantasy XIV) ilianguka vibaya 2010, ikajengwa upya na kurudi 2013, na ada ya mwezi ipo hadi leo. Hawakufungua bure yote, walipanua majaribio ya bure. Leo unacheza mpaka leveli 70, gemu ya msingi pamoja na nyongeza mbili za kwanza, bila kikomo cha siku. Kwa saa sita kwa wiki hiyo ni miezi mingi. Vizuizi: mwisho gil (pesa ya ndani) 300,000 tu, soko la wachezaji limefungwa, na huwezi kuunda kundi, ila unaweza kualikwa.

Onyo: ukishanunua gemu kamili kwa akaunti hiyo, huwezi kurudi kwenye majaribio. Usibonyeze kununua eti gil zimejaa.

Hesabu_Ndogo:
Kwenye RuneScape utaambiwa "nunua bondi kwa dhahabu, ucheze bure". Bondi ni tiketi ya siku za uanachama: mmoja anainunua kwa pesa halisi, anamuuzia mwenzake kwa dhahabu ya ndani. Hakuna bure hapo, kuna mwingine aliyelipa. Tazama mfano wa World of Warcraft: tokeni inauzwa dola 20 Marekani, na anayeichukua kwa dhahabu anapata siku 30 ambazo kwa kawaida ni dola 15. Kampuni imeongeza dola tano, na imewanyang'anya wauza dhahabu wa magendo wateja. EVE Online walianza mchezo huu 2008 na PLEX, tiketi yao ya namna hiyohiyo.

Bondi ya RuneScape ni siku 14, na bei yake hupanda na kushuka sokoni. Kwa saa zako sita, nusu ya muda utaitafuta hiyo bondi. Lipa pesa au cheza upande wa bure.

Panga_Butu:
Nashukuru sana wakuu. Naanza na majaribio ya FFXIV, Star Wars nitailipia mwezi wa likizo. Kadi je, isije ikakatwa tena mwezi unaofuata?

Mlinzi_wa_Geti:
Tumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, uweke salio la malipo moja na ziada kidogo kwa kodi na kubadilisha fedha. Ukifuta mapema siku ulizolipia haziondoki.

Kaka_Chokobo:
La mwisho: amua sasa kama FFXIV utainunua Steam (duka la gemu mtandaoni) au kwa Square Enix, watengenezaji wenyewe. Ukinunua gemu kamili Steam, kila nyongeza ya kompyuta utalazimika kuinunua huko Steam milele, hata punguzo likiwa upande wa pili.