Mafundi mnaojaza mafuta ya steringi kwenye breki, mtatuua

Wakuu, heshima kwenu. Naandika mikono bado inanuka mafuta ya breki, na hasira haijanishuka tangu Jumamosi ya wiki iliyopita. Niko Moshi, Rau. Gari ni Corolla AE100 ya mwaka 1993, mbele diski, nyuma dramu, ninalo mwaka wa tisa sasa. Gereji sitaitaja.

Alhamisi ile nililipeleka kubadilisha pedi za mbele, maana Jumamosi tulikuwa na msiba Marangu. Nikalifuata saa moja usiku. Fundi akaniambia, "Mangi, kila kitu freshi. Halafu mafuta ya breki yalikuwa yamepungua, nimekuongezea." Nikamshukuru na 30,000 yake nikampa.

Hebu niwaeleze kwanza kwa nini hilo neno "nimekuongezea" linanichoma. Mafuta yalipungua kwa sababu pedi zilikuwa zimekwisha. Pedi zikilika, pistoni za kalipa (kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski) zinasogea nje na mafuta yanazifuata, ndiyo maana kwenye kikopo cha mafuta ya breki yanashuka. Ukifunga pedi mpya unazirudisha pistoni ndani, na mafuta yanapanda yenyewe. Hapakuwa na cha kuongeza! Angenyamaza tu, tungekwenda msibani na kurudi salama.

Jumamosi kupanda, gari lilikuwa zito. Nikasingizia mlima na abiria: mama mzazi mbele, mke wangu nyuma na watoto wawili. Msibani tukakaa karibu masaa manne, gari likapoa. Jioni tukaanza kushuka kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, na anayeijua ile barabara anajua inavyoteremka. Hatujafika mbali nikasikia harufu ya pedi kuungua. Nakanyaga, pedali iko juu, ngumu kama jiwe. Naachia, gari bado limeshikwa. Kona iliyofuata nakanyaga tena, pedali ikazama mpaka kwenye kapeti. Hakuna breki. Mama alikuwa anasimulia habari za marehemu, akanyamaza katikati ya neno.

Nikarudisha gia ya tatu, ya pili, injini inalia, huku navuta hendibreki kidogo kidogo (ile inavuta waya, haitegemei mafuta). Tukasimama tairi la kushoto likiwa limeng'ang'ania ukingo wa mtaro na migomba ya watu iko mbele ya boneti. Mtoto wangu mdogo hakulia hata kidogo. Alinishika shati kwa nyuma na hakuliachia mpaka mama yake alipomtoa nje.

Dereva mmoja wa Noah akasimama kutusaidia. Akasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele, akakirudisha haraka. Akafunga kitambaa mkononi, akaweka spana kwenye nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki, na kuilegeza. Mafuta yakaruka kwa nguvu na tairi likaachia hapo hapo. "Kaka, masta haiachii," akasema, yaani masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. "Nani kakuwekea mafuta?" Akanionyesha kidole chake. Mafuta yalikuwa na wekundu.

Mafuta ya breki ya DOT 3 (hilo ni daraja la mafuta ya breki) yana rangi ya manjano mepesi, karibu na maji. Mekundu ni ya steringi au gia boksi ya otomatiki. Na kwenye kifuniko cha kikopo changu Toyota wameandika kabisa kwamba ni DOT 3 tu, maandishi yamechongwa kwenye plastiki, hata mwenye macho mabovu anayapapasa.

Jumatatu nikarudi gereji. Fundi hakukataa. "Mangi, usiku ule maduka yalishafungwa, nikatia ya steringi. Mafuta ni mafuta, yote si yanasukuma tu?"

Wakuu, mafuta si mafuta. Raba za breki zimetengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya aina moja. Ukizitia kwenye mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, kama ya steringi, zinayanywa na kuvimba. Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo sana ambacho mafuta hurudia kwenye kikopo ukiondoa mguu. Raba ikivimba inakaa juu ya kile kitundu na kukiziba. Mguu umeshautoa, breki bado zimeshika. Unaendesha hivyo huku pedi zinasaga diski, joto linapanda, mafuta yanachemka. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini haya mafuta hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji asilimia 3.7 kiwango kinashuka hadi 140. Yangu yalikuwa ya miaka mingi, hilo ni kosa langu na ninalibeba. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga unabana mvuke, pedali inakwenda chini bure.

Fedha alikataa kurudisha. Nikasema gari langu hatalishika tena, nalifungua mwenyewe nyumbani.

Nikavuta mafuta kwenye kikopo kwa bomba la sindano, nikamimina kidogo kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi ya breki yanachanganyika na maji na kupotea. Haya yangu, juu ya maji likatanda tabaka jekundu, na limekaa hivyo dirishani mpaka leo. Nikafungua masta. Raba mpya inaingia kwenye silinda ukiisukuma kwa kidole gumba. Ile ya zamani mdomo wake umechanua kama uyoga, ukiubonyeza kwa ukucha alama inabaki. Nilijaribu kuirudisha palepale nilipoitoa dakika mbili kabla. Haikuingia.

Kwa hiyo zote zimetoka: za masta, za wili silinda mbili za nyuma (zinazosukuma breki za dramu), za kalipa mbili, na mipira yote minne ya breki, maana nayo kwa ndani ni raba. Paipu za chuma nimezipitisha spiriti ya duka la dawa na kuzipuliza kwa pampu mpaka zikauka. Nati za paipu tumieni spana ya nati za paipu namba 10, ile inayoikumbatia nati karibu pande zote, ya kawaida inazila kona na hapo utalia.

Duka la spea nalo limenipotezea siku nzima. Wili silinda kwa nje imeandikwa 11/16, yaani kipenyo cha ndani kwa inchi, jamaa ananipa raba za 3/4 na kuapa kwamba "zinaingia tu, zinabana vizuri". Namba iko kwenye raba na iko kwenye silinda! Halafu jirani, kwa nia njema kabisa, akaniletea kopo la petroli nioshee. Petroli nayo inavimbisha raba zilezile. Nilimshukuru nikaliweka mbali.

Jana tumetoa upepo na mpwa wangu. Gari ni la usukani wa kulia, tairi la mbali na masta ni la nyuma kushoto, tukaanza hapo. Kanyaga. Shikilia. Nafungua. Nafunga. Achia. Viputo vilitoka kwenye mpira niliouchomeka kwenye nipeli hadi nikadhani haviishi, ndipo yakaja mafuta masafi, na pedali ikasimama juu, ngumu. Tumelizungusha Rau polepole mara sita. Rimu za baridi.

Spea na mafuta vimenitoka 215,000. Fundi sasa hapokei simu. Kesho nakwenda na ile glasi niiweke mezani kwa mwenye gereji.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi kuliko hela. Alhamisi ile usiku, maduka yakiwa yamefungwa, palikuwa na Noah mbili za abiria zinasubiri breki baada ya gari langu. Kama unaendesha Noah ya Moshi–Marangu na ulitengenezewa breki Moshi mjini wiki hiyo, tafadhali usipakie abiria kesho asubuhi kabla hujafungua kikopo na kuchovya kidole. Yakiwa na wekundu, liache gari hapo hapo na unitafute, glasi ninayo na raba zilizovimba nimezitunza.