Dikafu ya espresso Mtwara: shoti inakimbia, krema haipo. Ninunue punje gani na nisageje?

KahawaShangani

Wakuu, habari za jioni. Nina mgahawa mdogo hapa Shangani, Mtwara. Wateja wanaotaka kapuchino na late ya dikafu, yaani kahawa iliyotolewa kafeini, wanazidi kuongezeka: wajawazito, wenye presha, na wazee wanaopenda kahawa baada ya isha lakini hawataki kukesha.

Mashine ni ya kichwa kimoja, mgandamizo wa bar 9, kikapu cha gramu 18. Kinu ni kimoja, na muda wote kina mchanganyiko wetu wa kawaida: arabika ya Mbinga asilimia 70, robusta ya Kagera asilimia 30. Huo unatoka vizuri, gramu 18 za unga zinatoa gramu 36 za kahawa kwa sekunde 28.

Shoti (mkamuo mmoja wa espresso) ya dikafu kwa kipimo kilekile inamaliza kwa sekunde 14. Krema, lile povu la juu, ni nyeupe na inapotea kabla kikombe hakijafika mezani, na ikikutana na maziwa haisikiki kabisa, ni kama maziwa ya rangi. Punje ni nyeusi tii, zinang'aa mafuta. Naomba msaada: ninunue ya aina gani, na nirekebishe nini?

MkaangajiRuvuma

Mkuu, kabla ya yote: pakiti ina tarehe ya kukaangwa, au imeandikwa ya kuisha muda tu? Na ni ya ukubwa gani?

KahawaShangani

Ya kuisha muda tu, mwakani. Kilo moja. Imekuja na basi kutoka Dar.

MkaangajiRuvuma

Basi sehemu kubwa ya shida iko kwenye pakiti, siyo kwenye mikono yako.

Kafeini hutolewa kwenye buni, yaani punje mbichi, kabla ya kukaanga. Buni inaloweshwa au inapigwa mvuke mpaka ivimbe, kafeini inavutwa, halafu inakaushwa upya. Ikitoka hapo nyama yake imelegea, vinyweleo viko wazi. Ikishakaangwa, hewa ukaa iliyomo ndani inatoroka haraka na mafuta yanapanda juu mapema. Hewa hiyo ndiyo inayojenga krema, na ndiyo inayosaidia kuyazuia maji yasipite mbio. Dikafu iliyokaa miezi dukani haina hata chembe ya kuzuia, ndiyo maana unaona sekunde 14.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kununua ni hii: tarehe ya kukaangwa iwepo, pakiti isizidi gramu 250, yenye valvu (kitundu kinachotoa hewa bila kuingiza ya nje). Anza kuitumia siku ya tano hivi tangu ikaangwe, uimalize ndani ya wiki tatu. Kahawa ya kawaida inakuvumilia zaidi ya hapo, dikafu haikuvumilii.

Rangi isikudanganye. Buni ya dikafu huwa kahawia hata kabla ya kuingia kwenye moto, hivyo ikikaangwa wastani inaonekana kama imeungua. Tazama mafuta badala ya rangi. Punje kavu au yenye vidoa vichache vya mafuta ni sawa. Inayong'aa mwili mzima kama yako ama imekaangwa mno, ama imezeeka, na mara nyingi yote mawili.

Njia ya kutoa kafeini nayo ina uzito wake kwenye kikombe. Ya maji (Swiss Water ya Kanada, Mountain Water ya Meksiko) inatumia maji yaliyokwisha kushiba ladha ya kahawa, hivyo kinachohama kutoka kwenye buni ni kafeini, ladha kubwa inabaki. Kikombe chake ni safi, ila kinaweza kuwa chembamba. Ya ethili asetati, kiyeyusho ambacho Kolombia hukitengeneza kutokana na miwa, ina utamu wa matunda na mwili mzito kidogo mdomoni. Kwa vinywaji vya maziwa mimi ningechukua hii bila kufikiri mara mbili. Ya hewa ukaa chini ya mgandamizo mkubwa ni nzuri pia, lakini ni adimu kwenye pakiti ndogo.

Halafu kuna methilini kloridi, kemikali nyingine ya kutolea kafeini, ambayo watu huiogopa kuliko inavyostahili. Inachemka kwenye nyuzi 40 hivi, na kahawa inakaangwa juu ya 200. Marekani inaruhusu mabaki yasiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kama pakiti imekaa kimya kuhusu njia iliyotumika, muulize muuzaji. Asiyejua njia huwa hajui tarehe pia.

Na hilo basi la kutoka Dar: zaidi ya kilomita 500 ndani ya buti lenye joto siyo jambo dogo kwa punje yenye vinyweleo wazi. Omba mzigo usafiri usiku, na usilale ofisi ya basi hadi kesho yake mchana.

FundiKinu

Naunga mkono. Sasa upande wa kusaga.

Dikafu inataka kusagwa laini kuliko kahawa yako ya kawaida. Sogeza meno ya kinu hatua moja ndogo kwa wakati, kinu kikiwa kinazunguka, usibadili kitu kingine chochote mpaka ufike sekunde 25 hadi 30 kwa gramu 36. Ukifika mwisho wa hatua na bado inakimbia, panda hadi gramu 19 kama kikapu kinaruhusu: shindilia, funga kishikio, kifungue bila kupitisha maji. Kama kichwa cha mashine kimeacha alama juu ya unga, umejaza mno.

Punje hizi ni dhaifu, zinavunjika na kutoa vumbi jingi. Vumbi likikusanyika upande mmoja maji yanatoboa upande wa pili, utaona uzi wa rangi ya majani makavu unachuruzika mapema huku upande mwingine bado ni mweusi. Dawa yake ni kuchokoa unga kwenye kikapu kwa sindano nyembamba mpaka usiwe na madonge, kisha shindilia mara moja, wima. Kushindilia kwa nguvu zaidi hakuponyi chochote.

Joto nyuzi 92. Kama punje zinang'aa mafuta kama hizo zako, shuka 90, la sivyo uchungu wa majivu utakutawala.

Lakini kubwa zaidi ni hicho kinu kimoja. Fanya hesabu. Arabika ina kafeini karibu asilimia 1.2, robusta karibu 2.2, hivyo mchanganyiko wako ni kama 1.5. Kinu kikibakiza gramu 4 za unga tumboni, hapo kuna miligramu 60. Dikafu yenyewe kwa kanuni za nchi nyingi za Ulaya haizidi asilimia 0.1 ikishakaangwa, yaani gramu 18 zote zina miligramu 18 kwa wingi. Kwa maneno mengine, mabaki ya kinu yana kafeini mara tatu ya kahawa unayomuuzia mjamzito.

BiMikindani

Hapo kwa mjamzito nisisitize, mwanangu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka miligramu 200 kwa siku kwa mjamzito, kwa vyote alivyokunywa, chai na soda zikiwemo. Dikafu inayo kidogo, kwa hiyo usiandike ukutani kuwa haina kabisa. Mwenye dawa za moyo aambiwe ukweli, aamue na daktari wake.

Kuhusu maziwa: usimimine mengi. Dikafu haina ubavu wa kubeba kikombe cha mililita 300. Toa shoti fupi, gramu 18 kwa gramu 30, kwenye kapuchino ya mililita 150, maziwa yasipite nyuzi 60. Late kubwa iwe na shoti mbili za hivyo.

MkaangajiRuvuma

Bi Mikindani, 30 kwa dikafu ya maji iliyokaangwa wastani itakuwa chachu. Hiyo ningeiacha 36. Kwa ya miwa au iliyokaangwa sana, nakubaliana nawe.

BiMikindani

Uchachu huo ukiingia kwenye maziwa unageuka utamu. Ila kwa anayekunywa espresso tupu, sawa, 36.

LindiKusini

Hakuna aliyegusa maji. Visima vingi vya pwani yetu vinapita kwenye mawe ya matumbawe, maji yanakuja na chokaa, na mengine na chumvi. Chungulia ndani ya birika lako la umeme: kama kuna ukoko mweupe chini, maji hayo yanaua ladha kidogo iliyobaki kwenye dikafu, na yanaua mashine pia. Weka chujio la kulainisha maji. Chumvi ukiisikia ulimini, chujio hilo halitoshi, tafuta la utando au maji ya chupa yenye madini kidogo.

Unyevu nao. Usiache dikafu kwenye bakuli la juu la kinu usiku kucha. Pima gramu 18 kwa kila kikombe, pakiti ibanwe hewa itoke. Friji hapana, friza ndiyo, lakini ikiwa imefungwa kabisa kwa mafungu madogo. Ukitoa fungu, liache lifike joto la chumba kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa baridi kwa hali ya hewa ya huku, punje zinatoa jasho papo hapo.

KahawaShangani

Shukrani sana wakuu, na wewe Bi. Kinu cha pili cha umeme bajeti haijafika. Naweza kutumia cha mkono, au hata kile cha viungo cha jikoni?

FundiKinu

Cha viungo hapana. Kile ni kisu, kinatoa vumbi na vipande pamoja, na bado kitaleta harufu ya iliki na mdalasini.

Cha mkono ndiyo, mradi kiwe cha meno ya chuma yaliyochongwa kwa ajili ya espresso, chenye hatua ndogondogo. Vile vya kauri vya bei rahisi haviwezi kusaga laini kiasi hicho bila kuyumba. Gramu 18 ni kazi ya dakika moja hivi. Usikioshe kwa maji, tumia brashi kavu.

Mpaka ukipate, kabla ya kila kikombe cha dikafu zima kinu, toa bakuli la juu, piga brashi njia ya kutokea, kisha saga gramu 5 za dikafu uzitupe. Ndipo usage za mteja. Ukirudi kwenye kahawa ya kawaida, rudisha meno kwenye alama yake, na usimpe mtu shoti ya kwanza.